Sufuria Ukutani

Mimi ni mchora mabango. Kinyozi, ng'ombe wa bucha,
"Usikojoe Hapa, Faini Elfu Hamsini": hayo ndiyo yamenilisha
tangu Mwanjelwa ile ya kabla soko halijaungua.
Kwa hiyo waliponiita kwenye nyumba ya waraibu kule Ilomba
wakanionyesha ukuta wa mita kumi na moja, mtupu,
nikauliza: Maandishi gani?
Wakasema: Hakuna maandishi. Kaa, sikiliza.

Nikakaa. Julai, baridi ya Mbeya inayouma masikio,
Loleza haukuonekana hadi saa nne.
Walizungumza mikono ikiwa ndani ya makoti.
Mmoja alikuwa utingo; alionjeshwa Tunduma,
foleni ya malori, siku ya sita.
Mmoja, Bupe, alikuwa akisuka maharusi.
Asajile hakusema alipoanzia. Alisema alichouza:
simu, yake; simu, ya dada;
mabati manane ya banda, kuku wakabaki na mbingu;
mwisho sufuria ya mama, ile kubwa ya misibani
ambayo mtaa mzima huja kuazima.
"Elfu nne," akasema. "Haikufika hata jioni."

Sikuwa na rangi ya sauti ile.
Nilijaribu nyekundu ya bucha: ikapiga kelele.
Nikachimba udongo nyuma ya choo, nikauchuja kwa kanga kuukuu,
nikasaga mkaa, nikachemsha makapi ya kahawa ya Mbozi,
nikatia gundi ya mbao.
Ndipo ukuta ukakubali.

Nikamchora Asajile amesimama, mabega mapana, jua nyuma yake,
mkononi kikombe kidogo cha dawa, cha kila asubuhi.
Niliona fahari. Mchora mabango huona fahari upesi.
Akaja, akatazama, akanusa hata rangi.
"Huyu nani?"
Wewe.
"Huyu amepona. Mimi nimeamka tu.
Jana niliamka. Leo nimeamka. Futa hilo jua."

Nikalifuta. Kufuta jua kunachosha kuliko kulichora;
njano ililala chini ya chokaa, kesho yake ikachungulia.
Tukaelewana hivi: kila asubuhi akitoka kunywa dozi
achovye gumba kwenye udongo, alibandike ukutani, basi.
Nami nisiguse.

Gumba moja. Kumi. Mstari ukapita mlango,
ukapinda dirishani kama siafu waliopata habari.
Wengine wakadai mistari yao. Bupe alitumia kidole cha mwisho,
"kwa sababu hiki peke yake hakikushiriki."

Septemba, Asajile hakuja. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili.
Vijana wakasema: Ziba, kuna mgeni wa mkoa wiki hii,
ukuta wenye pengo utasomeka vibaya.
Udongo ulikuwa tayari, na gumba ninalo.
Kudanganya najua: nimeandika "Fundi Bingwa" juu ya milango mingi.
Sikuziba.

Jumatatu akaja, midomo imepasuka, koti si lake.
Akapima kwa macho, akaruka nafasi ya magumba matatu,
akaweka la nne.
Hakuna aliyepiga makofi. Mtu alimsogezea uji.

Mama yake alifika Oktoba, mkungu wa ndizi za Tukuyu kichwani,
si kwa sherehe; alikuwa anapita kwenda sokoni.
Akautua. Akaiona sufuria kwanza.
Nilikuwa nimeichora chini, kwenye kona, ukubwa wake halisi,
na sikio moja lililochomelewa, kama nilivyoelezwa.
"Lililochomelewa ni la kushoto," akasema.
Nikarekebisha palepale.

Kisha akaufuata mstari wa mwanawe kwa kidole, bila kuugusa,
polepole, kama mtu asomaye barua aliyoandikiwa haraka,
akafika penye pengo, akasimama.
"Hapa," akaniuliza, "alikula?"